Kutoka Wodini, Sehemu ya 14: Kuchemsha Hakuondoi Chumvi

Nimetoka zamu ya usiku, sijalala bado. Sehemu iliyopita niliahidi leo tutaongea kuhusu manjano kwa mtoto mchanga. Nivumilieni, tutayarudia wiki ijayo. Leo kuna jambo limenikaa kooni.

Usiku wa kuamkia leo nilimpokea mama mmoja kutoka vijiji vya pwani. Wakati namfunga mashine ya presha akaniuliza, "Nesi, maji ya kisima chetu yana chumvi. Nikiyachemsha si yanafaa?"

Nilinyamaza kidogo. Swali hilo niliwahi kuulizwa na mdogo wangu wa tumbo moja, na nililijibu vibaya. Leo nawaambia.

Mimi kwetu ni Kilambo, huku chini kabisa mpakani, ambako ukivuka Ruvuma umeingia Msumbiji. Waliowahi kupita huko wanajua kwamba kivuko hakiangalii saa, kinaangalia bahari. Maji yakijaa kinavuka, yakipwa mnakaa kivulini mnasubiri. Wageni hulalamika sana. Sisi tuliokulia pale tunajua maana yake: bahari inapanda mtoni mpaka mlangoni kwetu.

Bibi yangu alitulea na sheria tatu za maji. Ya kwanza, mtoni usiende peke yako, maana mamba hana udugu na mtu. Ya pili, chota maji yakiwa yanakupwa, wakati mto unasukuma kwenda nje. Ya tatu, siku za bamvua usijisumbue na mto kabisa. Masika Ruvuma inakuwa na nguvu, inaisukuma bahari mbali, maji ni ya tope lakini matamu. Kiangazi mto unakonda, na bahari inajisogeza ndani taratibu kama mgeni asiyepiga hodi.

Kisima chetu nacho bibi alikuwa anakionja. Anachovya kidole, anaweka ulimini, anasema "bado" au "imefika". Imefika, yaani chumvi imefika. Baada ya hapo maji ya kunywa yalitafutwa mbali zaidi, na ya pale yakabaki ya kufulia.

Nikaenda chuo cha uuguzi, nikarudi na diploma yangu, nikaanza kumfundisha bibi. Chemsha maji, funika chombo, nawa mikono kwa sabuni. Yote ya kweli, na mpaka leo nayasimamia. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na chumvi, mjukuu wangu, nayo inakufa kwa moto?"

Nilicheka. Nikamwambia bibi, chumvi haina shida, mbona kila siku unaitia kwenye mboga.

Sasa njooni mwaka 2021, Oktoba, kiangazi kimekolea. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Mdogo wangu ana mimba ya kwanza, yuko Kilambo kwa mama. Akanipigia simu: "Dada, kisima kimebadilika ladha, na maji mengine ni ya kununua, dumu kwa dumu. Nifanyeje?" Mimi niko wodini, nina haraka, nikamjibu jibu nililokariri. "Wewe chemsha tu, usiogope."

Akachemsha. Mdogo wangu ni mtiifu, akinipenda ananisikiliza kuliko mumewe. Akachemsha na kunywa, na kupikia, wiki kadhaa.

Wiki ya 33 akaanza kuumwa kichwa. Akavimba mikono na uso, mama akadhani ni unene wa ujauzito. Siku ya tatu akasema anaona nyota mbele ya macho. Walipomfikisha mjini mimi ndiye niliyeshika mashine ya presha, na namba niliyoiona nilitamani mashine iwe mbovu. Mkojo una protini. Aliwekewa dawa ya kuzuia degedege, na usiku huohuo akafanyiwa upasuaji. Mtoto alikuwa njiti wa kilo moja na nusu. Tulimbeba kifuani kwa zamu, mama yake, mimi, na baba yake, majuma matatu, mpaka akaanza kunyonya vizuri. Leo anakimbia, anavunja vikombe vyangu.

Nataka mnielewe hapa. Sisemi kwamba kisima kile ndicho kilichompa mdogo wangu presha. Kifafa cha mimba kina sababu nyingi, na mimba ya kwanza yenyewe ni hatari mojawapo. Hakuna aliyepima maji yale siku ile. Ninachosema ni kwamba alikuja kwangu na swali la kweli, nikampa jibu la swali jingine.

Baadaye nilianza kusoma. Nikakuta kwamba wanawake wa pwani ya Bangladesh wana hali inayofanana sana na yetu: mito mikubwa inaingia baharini, kiangazi chumvi inapanda. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya sehemu inayoitwa Dacope. Walikadiria kwamba kiangazi watu wa pale walikuwa wanaingiza mwilini gramu 5 hadi 16 za sodiamu kwa siku kutokana na maji ya kunywa peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, chakula na vinywaji vyote pamoja. Na waliona presha za wajawazito zinaongezeka kiangazi na kupungua masika. Nikakumbuka kidole cha bibi.

Kwa hiyo andikeni hili mahali: moto unaua vijidudu, lakini chumvi hauigusi. Unapochemsha, kinachoondoka kwa mvuke ni maji, na chumvi yote inabaki sufuriani. Ukichemsha sana ndiyo kwanza inazidi. Dawa ya klorini nayo ni hivyohivyo, inaua vijidudu basi.

Na jingine ambalo akina mama wengi hamjaambiwa. Mtoto akiharisha tunawapa paketi ya ORS, ichanganywe na lita moja ya maji safi. Ile paketi imeshapimwa chumvi yake. Ukiichanganya na maji yenye chumvi tayari, unampa mtoto chumvi kuliko inavyotakiwa, na mtoto mdogo hilo linaweza kumdhuru. Maji ya ORS yawe matamu na salama, hata kama ni ya kuomba kwa jirani.

Sasa mtaniuliza, nesi, mbona leo hujaongea kama nesi, unaongea kama mtu wa maji? Ndiyo, nafika hapo. Na nyie wa mjini Mtwara msiseme haya ni ya watu wa mpakani, kwa sababu mjini tunakunywa kwa sehemu kubwa maji yanayotoka chini ya ardhi, vikiwemo visima vya Mtawanya, na mji wetu umekaa ukingoni mwa bahari.

Nilieleweshwa jambo hili na mtaalamu mmoja wa maji, na nitawaeleza kama nilivyolielewa. Chini ya ardhi ya pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Ni kama mafuta kwenye mchuzi. Kanuni wanayoitumia ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 za maji matamu kabla hujaikuta chumvi. Sasa geuza hesabu. Mkivuta maji mpaka yale ya juu yakashuka mita 1 na yakabaki hivyo, chumvi kule chini inapanda kwa kama mita 40. Wewe unaona kisima kimepungua kidogo tu. Chini huko umepoteza maji yenye kimo cha mnara.

Na chumvi ikishaingia haitoki kwa mvua ya mwaka mmoja. Inaweza kuchukua miaka mingi. Dar es Salaam waliona. Ukame wa 1997 uliposababisha shida ya maji, visima vingi sana vilichimbwa kwa haraka, kila mtu na chake, na leo katika baadhi ya maeneo ya karibu na bahari watu wana visima ambavyo maji yake ni ya kudekia tu.

Tuangalie na watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu kama 108,000 katika Manispaa ya Mtwara Mikindani. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 140,000. Ukiendelea na mwendo huo, mji unakuwa mara mbili kwa miaka kama 25 hivi. Ninyi mlionyonyesha usiku huu, fikirieni. Huyo binti aliye kifuani, siku atakayokuja kwangu au kwa nesi atakayenirithi kujifungua mtoto wake, mji utakuwa na watu mara mbili. Maji atakayokunywa yeye yanapangwa sasa, ama hayapangwi sasa.

Kupanga maji ya mji ni kama kliniki. Mama hasubiri uchungu ndipo aanze kupima damu. Anakuja wiki ya 12, hana hata tumbo, tunampima, tunaandika kadi, tunarudia, tunaangalia namba inavyokwenda. Mji nao unatakiwa kuwa na kadi yake. Kisima hiki mwaka jana maji yalikuwa mita ngapi, mwaka huu ngapi? Chumvi ilikuwa kiasi gani Juni, kiasi gani Novemba? Tunavuta kiasi gani, na mvua inarudisha kiasi gani? Namba zikianza kupanda unachukua hatua kabla ya degedege.

Mji unaosubiri uchungu mmeuona. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua, na uzalishaji wa maji Dar es Salaam ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi karibu milioni 300. Mgao ukaanza, watu wakabeba ndoo usiku. Novemba ileile mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda kule Morogoro ukasainiwa, bwawa la lita bilioni 190, ambalo lilikuwa limezungumzwa kwa miongo mingi. Tunashukuru limeanza. Lakini bwawa halijengwi kwa wiki mbili, na mwanamke aliyejifungua Oktoba ile aliogea kikombe.

Wapo pia waliopona kwa kubana matumizi. Cape Town, Afrika Kusini, mwanzoni mwa 2018 walifika mahali pa kuambiwa kila mtu atumie lita 50 kwa siku, zisizidi, kwa sababu mabwawa yalikuwa yanaisha. Hiyo ni ndoo mbili na nusu za lita 20. Mji mzima ukabana, matumizi yakashuka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na miaka mitatu nyuma, na siku ya kufunga koki haikufika.

Kwetu hapa kuna mpango umetajwa miaka mingi, wa kuvuta maji ya Ruvuma mpaka Mtwara mjini. Mimi mfanyakazi wa wodini naupenda. Nimewahi kufanya zamu ambayo koki zilikauka, tukanawa mikono kwa jagi, huku mama watatu wanasukuma kwa pamoja. Sitaki kuirudia. Mto mkubwa uko jirani, kwa nini tukauke?

Lakini mimi pia ni mtoto wa Kilambo. Mama yangu bado anaishi kule, na aliponisikia nausifia mpango huo aliniuliza, "Mkiuchota mto huko juu wakati wa kiangazi, sisi huku chini nani atatusukumia bahari?"

Sikuwa na jibu la haraka. Safari hii sikucheka.

Nikatafuta sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema matumizi ya nyumbani ya binadamu yanatangulia, kisha mazingira, ndipo mengine yafuate. Inazungumzia pia akiba, yaani kiasi cha maji ambacho lazima kiachwe kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe. Na tuna Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, makao yake yako hapahapa Mtwara. Kwa hiyo swali la mama yangu sheria inalijua. Kinachotakiwa ni liulizwe mapema, kwenye mikutano, na waulizaji wawe wale wanaobeba ndoo. Kiangazi mto utaachiwa kiasi gani? Bomba likipita vijijini, vijiji vitapata koki au vitapata vumbi la magari ya mradi? Nani atapima chumvi pale mdomoni, na majibu yatabandikwa wapi?

Mkiitwa mkutano wa maji nendeni, mama zangu. Mmezoea kuwaachia wanaume kwa sababu kuna mtoto na kuna sufuria jikoni. Mbebeni mtoto, nendeni naye.

Na nyumbani tufanye nini wakati tunasubiri mipango ya wakubwa? Haya ndiyo ninayowaambia kliniki.

Kwanza, koki inayovuja. Tone moja kila sekunde ni kama ndoo ya lita 20 kwa siku. Na mabomba ya barabarani nayo yapo: ripoti za EWURA zinaonyesha kwamba katika mamlaka za maji za mijini hapa nchini, takribani theluthi moja ya maji yanayozalishwa hayalipiwi, mengi yanapotea njiani. Ukiona bomba linabubujika mtaani usiseme ni la serikali. Toa taarifa. Ni maji yako hayo.

Pili, mvua. Mtwara tunapata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, ila zote zinakuja kati ya Novemba na Mei. Bati la nyumba ndogo ya mita 40 za mraba, kwa kila milimita 1 ya mvua, linaweza kukupa mpaka lita 40. Familia ya watu watano kwa kunywa na kupikia tu, lita 5 kila mmoja, ni lita 25 kwa siku. Kiangazi cha siku 180 ni lita 4,500. Yaani tanki moja la lita 5,000, likijazwa masika na likalindwa kwa ajili ya sufuria na kikombe tu, linaweza kuivusha familia kiangazi kizima bila kugusa chumvi. Kufua na kudeki tumieni kisima.

Najua tanki ni ghali. Ndiyo maana kuna vikoba. Kundi la mdogo wangu lilianza na akina mama kumi, pesa ya korosho ilipoingia walinunua matanki kwa zamu, mwenye mimba akitangulizwa. Mvua ya kwanza iachieni ioshe bati, msiikinge. Funikeni tanki mbu wasizaliane, na maji hayo bado yachemsheni au yatieni dawa, maana ndege hawana choo kingine zaidi ya bati lako.

Tatu, kwa wajawazito. Kama maji ya kwenu yanaonjeka chumvi, mwambie nesi siku ya kwanza ya kliniki, iandikwe kwenye kadi, na punguza chumvi ya kwenye mboga. Usiache kunywa maji kwa kuogopa, na usihamie kwenye soda. Kichwa kikiuma bila kuacha, macho yakiona ukungu au nyota, tumbo likiuma juu chini ya chembe ya moyo, uso na mikono vikivimba ghafla, usisubiri asubuhi. Njoo usiku huohuo.

Yule mama wa jana presha yake ilikuwa nzuri. Nilimjibu kwamba hapana, kuchemsha hakuondoi chumvi, nikaketi kwenye kona ya kitanda chake nikamweleza yote haya mpaka uchungu ukamkatisha. Amejifungua saa kumi na moja alfajiri, msichana. Aliponiona navaa kuondoka akasema, "Nesi, bibi yetu anaonjaga kwa kidole." Nikamwambia aendelee kumsikiliza bibi huyo.

Wiki ijayo manjano, naahidi. Sasa nikalale.